Uso wa Somo Yako

Chumba cha nyuma, Studio ya Picha,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Hujambo? Shemeji naye anaendeleaje na mgongo wake? Natumaini ameacha ubishi na anafanya mazoezi aliyoambiwa. Sisi huku wazima. Mimi tumbo linazidi kunitangulia, na wifi yako ndiye wa kulaumiwa.

Uliuliza habari za somo yako, binti yangu. Kaa chini, maana ni nzuri. Lile baka jekundu alilozaliwa nalo shavuni limeanza kuondoka. Anatibiwa kwa mwanga wa leza, na ameshapigwa mwanga huo mara nne.

Lakini kwanza nikuungamie aibu yangu. Siku ya kwanza daktari wa ngozi aliomba picha za zamani, aone baka lilivyobadilika tangu utotoni. Nikavimba kichwa: picha si ndiyo kazi yangu? Nikabeba albamu nzima. Daktari akafunua, akafunua, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Kila picha shavu lilikuwa safi. Akauliza kama yule wa pichani ni mdogo wake.

"Ni mimi," akasema somo yako. "Baba huwa ananifuta."

Dada, nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote nilipokuwa nikizisafisha zile picha kwenye kompyuta, nilidhani namfanyia hisani. Kumbe mwenzangu alikuwa anaona kila kitu. Tulirudi nyumbani. Niliogopa kwamba nimempoteza mwanangu, na kwamba akikubali tiba atakubali ili kunifurahisha mimi tu.

Nilimwomba radhi, nikamwambia hakuna wa kumlazimisha. Wiki mbili hakuligusia jambo hilo. Kisha akanijia studio, akasema anataka, kwa sababu baka lilikuwa limeanza kuvimba na kutoa damu akinawa.

"Si kwa ajili ya picha zako," akaongeza.

Hupakwa dawa ya ganzi, macho yakafunikwa, na anasema kila pigo ni kama mpira wa nywele uliovutwa ukaachiliwa. Mara ya kwanza alitoka na madoa ya zambarau shavu zima. Wifi yako akaangua kilio, amesahau kwamba daktari alishatuonya, na somo yako ndiye aliyembembeleza! Madoa yalikwisha baada ya wiki mbili. Sasa wekundu mzito umebaki waridi hafifu, na damu haitoki tena. Daktari anasema huenda baka lisiishe lote. Mwenyewe wala hana habari. Nywele alizokuwa akizishusha usoni amezibana nyuma, na kicheko chake kinasikika mpaka kwa majirani.

Juzi alikuja kuketi mwenyewe mbele ya kamera. Nilipoifungua picha kwenye kompyuta, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Baba, mikono juu!"

Nikainua. Tulicheka hadi mteja aliyekuwa akisubiri naye akacheka, bila kujua anacheka nini.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote, hasa yule kitinda mimba mwenye domo. Wifi yako anakukumbatia. Mungu awalinde huko mliko, atujalie kuonana tungali na meno.

Picha nimeitia ndani ya bahasha hii, vile vile ilivyotoka. Ana miaka kumi na mitatu, Dada, na hii ndiyo picha yake ya kwanza.

Mdogo wako akupendaye daima,
Mpiga Picha