Mashine ya Mpunga na Kibaba cha Kinu

Mombasa

Kwa mama yangu, huko Ozi.

Shikamoo Mama. Shikamoo nawe Baba, maana najua ni wewe uliyevaa miwani na karatasi hii iko mkononi mwako. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu, zile za chuoni, kwa kuwa ndizo unazozisoma. Tafadhali msomee Mama kama nilivyoandika, usipunguze.

Mama, bega linaendeleaje? Utingo wa basi la Garsen alinifikishia salamu zako. Akaniambia unatwanga kwa mkono mmoja, wa pili umeufunga kwa kanga. Halafu akanipa ujumbe wako mwingine, kwamba nimrudie Mungu kwa sababu nimewadhulumu watu mashine yao. Nilimnunulia chai nikamshukuru. Siku hiyo sikula kitu.

Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ninayofanya sasa ni kushona magunia yaliyotoboka katika ghala moja karibu na bandari. Nakaa chini na sindano kubwa, vumbi la kahawa linanijaa puani, na makarani wenzangu wa zamani wakipita wanajifanya wanaangalia upande wa pili. Sikuletei haya ili unihurumie. Nayasema kwa sababu huko nyumbani mnaambiana kuwa nimekula kitu. Kama nimekula, nimekula vumbi.

Sasa nisikilize, nikueleze kwa nini mashine ya kukoboa mpunga haikufika Ozi. Nataka ulisikie jambo lote, halafu ukitaka kunilaani, nilaani.

Unajua mimi nilikuwa karani wa ushuru. Kila kitu kinachoshuka melini kinatafutiwa jina lake katika kitabu kinene, na jina ndilo linaloamua ushuru. Mashine ya mkulima anayekoboa mpunga wake mwenyewe inaitwa ya shamba, nayo inapita bure. Mashine hiyo hiyo, yenye gurudumu lile lile na mkanda ule ule, ikikoboa mpunga wa watu wengine na wenyewe wakaacha chochote, inaitwa ya kiwanda. Hapo ushuru wake hata mngeuza ng'ombe wa Ozi nzima msingeuweza. Nililijua hilo tangu siku Baba na wenzake walipoagiza. Nikamwandikia: ukiulizwa, sema ni mpunga wetu tu, basi.

Baba hakunisikia. Baba, wewe hujawahi kunisikia, nami nilikuwa mjinga kudhani utaanza kwa jambo la serikali. Ofisi ilipouliza, ukajibu kwa mkono wako mzuri ule: "Sisi si watu wa choyo. Mwenye mpunga wake, awe wa Kau awe wa Kipini, akija atakobolewa, naye ataacha kibaba kimoja kama desturi ya kinu ilivyo." Uliona aibu Mzungu asije akadhani mmenunua mashine mkafunga mlango. Nakufahamu. Kwetu mtu akija kutwanga katika kinu chako anakuachia kibaba, na hakuna anayekiita malipo. Asiyeacha ndiye anayesemwa.

Lakini kitabu kile hakijui kinu. Kibaba ni malipo, na malipo ni kiwanda.

Barua ikafika mezani kwa bwana wetu, huyo Mzungu, akaigeuza huku na huku kwa sababu ya zile herufi, akaniita. Ofisi nzima hakuna aliyezijua isipokuwa mimi. Akasema, "Nisomee." Mama, niliona mwandiko wa Baba, na nikakuona wewe alfajiri na mchi, siku ile nilipokuja likizo nikakukuta unalia kwa bega na ukaniambia ni pumba zimekuingia machoni. Nikamsomea bwana: "Mpunga ni wetu wenyewe tu." Akaandika, akagonga muhuri, mashine ya shamba. Ndiyo, nilisema uongo. Nimeshasema, na Baba amekusomea kwa sauti yake. Haya, tuendelee.

Ilibaki kuchukuliwa tu. Nilishapatana na dereva wa lori mpaka Garsen. Kutoka hapo mtumbwi mkubwa ungeishusha na mto mpaka kwenu. Baada ya siku tatu hivi, Baba akatokea mlangoni mwa ofisi, kanzu imefuliwa, kofia mpya, na kikapu cha mchele. Hakuna aliyemwita. Alikuja kumshukuru Mzungu. Mimi nilikuwa ghalani nikitafuta karatasi za lori, na niliporudi nilimkuta amekalishwa kiti, bwana anacheka, na tarishi wetu Mkamba anawatafsiria.

Bwana alikuwa ameshika mchele kiganjani. Akauliza umekobolewa vipi, maana umetakata. Baba akasema mke wangu ameutwanga, lakini mashine ikifika hakuna tena kutwanga, nchi nzima ya chini ya mto itakuja kwetu. Bwana akaacha kucheka. Akauliza, "Mbona barua yako ilisema mpunga wenu tu?" Baba akasema hapana. Akaitoa barua yote kutoka kichwani, neno kwa neno, mpaka kibaba. Kisha akageuka akanitazama.

Baba, sitasahau yale macho. Ulinitazama kama uliyemkuta mwizi kwenye shamba lako, na mwizi ni mwanao.

Nilifukuzwa papo hapo, hata kalamu yangu sikuichukua. Lakini mashine, Mama, mashine ilikuwa bado haijapotea. Hilo hujaambiwa. Bwana yule alikuwa amekula mchele wa watu wengi wa pwani na hakuwa na roho mbaya. Akamwambia tarishi, "Mwambie mzee atie sahihi hapa kwamba atakoboa mpunga wa wenye mashine peke yao, nami nitaiacha iende." Nilipiga magoti nje ya mlango, nikamsemesha Baba kwa Kipokomo chetu cha nyumbani ili wasielewe. Nikamwambia tia sahihi, jirani akija utajua la kufanya. Akanijibu kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Siwezi kumwambia jirani ageuke na gunia lake, na siwezi kuandika nisilolifanya. Hiyo kazi ni yako." Tarishi akainama chini.

Bwana akamwuliza, sasa mtakoboa na nini? Na hapa, Baba, soma polepole. Ulisema, "Mwambie kinu kipo, na mama watoto ana mikono."

Ulijua habari za bega. Ulilala naye nyumba moja, ulimsikia usiku.

Mashine imo ghalani bado. Juzi nilipita nikaiona dirishani, ina turubai. Itanadiwa, na ataichukua mwenye duka fulani aiweke mjini, na hatawaomba kibaba, atawaomba fedha.

Nisalimie dada yangu Hadija na mumewe, na mwambie kitambaa cha mtoto nitatuma nikipata. Nisalimie Amu Dadho. Yeye peke yake kati ya waliochanga ndiye aliyeniuliza mimi kabla ya kunihukumu. Wale wengine wape salamu, sina neno nao. Shangazi Mwanajuma mwambie aache kukupelekea mpunga wake umtwangie, ana binti watatu.

Mama, umeniambia niombe radhi. Kwa kumwaibisha Baba mbele ya watu nimeomba, na hapa naomba tena, Baba nisamehe. Kwa lile neno nililolisoma ofisini siombi. Wangenipa barua ile kesho, ningeisoma vile vile.

Na wewe Baba, umefika mwisho wa karatasi. Ndani ya nyumba hiyo hakuna mwingine anayezijua herufi hizi, Mama amekaa mbele yako anakutazama mdomo, na yale maneno ya kinu na mikono ama umemsomea ama umeyaruka. Ukiwa umeyaruka Mama hatajua, nami sitamwambia mtu. Lakini ukiwa umeyaruka, usiniite tena mwongo.

Ni mimi mtoto wenu,
Bakari