Hakimu Aliyeniinua Magotini

Mama yako ni hakimu! Ameapishwa juzi, na Kolandoto yote imenisikia nikitangaza. Haya, marahaba mjukuu wangu Kulwa. Huku tu wazima, mvua imenyesha.

Umeuliza kutoka huko Kampala kama mahakama humlinda kweli mnyonge. Ya huko siyajui. Ya hapa nimeyaona.

Babu yako alipofariki, shemeji zangu walitaka kunifukuza shambani, mama yako akiwa bado mgongoni. Mahakamani nikapiga magoti ili niseme, kama tunavyowapigia wakubwa. Hakimu akasema, "Inuka, mama. Hapa kila mtu husema akiwa amesimama."

Shemeji mkubwa akacheka. "Huyo ataweza wapi kusema?"

"Na wewe simama," hakimu akamwambia, "umsikilize."

Nilisema, Kulwa! Nilisema mpaka karani akaniomba nipunguze mwendo. Shamba likabaki letu, na ndilo lililomsomesha mama yako.

Najua si mahakimu wote wako vile. Lakini huyu niliyemzaa mimi atakuwa vile, nimeshamwambia.

Tunachinja Jumamosi ya Pasaka. Ukoo wote unakuja, hata shemeji zangu. Siku hiyo nikuone hapa.

Bibi yako