Leso za Chama Zatakiwa na Maktaba, Biarusi Naye Anazitaka

Leso zetu zinaingia maktaba ya chuo kikuu! Leso, hizi hizi za kufunga viunoni jikoni, na aliyezifikisha huko ni Lubna, binti yangu wa tumbo hili, anayesomea kazi ya kuhifadhi mambo ya kale hapa Houston, na mimi mamake niliishia darasa la saba.

Haya, sasa hujambo, Shangazi Loice mpendwa. Naomba unisaidie maana furaha hii imeniletea fitina. Sisi ni chama cha akina mama hapa Sharpstown, tulianza mwaka wa tisini na moja, huyu wa Mombasa, huyu wa Lamu, huyu wa Unguja, hata wa Bukoba tunaye, na kila lilipotokea jambo kubwa tuliagiza sare kutoka Mombasa na doti moja ya ziada ikaingia sanduku la chama, na sanduku liko kwangu, chini ya kitanda, nalifukiza udi mwenyewe. Leso zetu wenyewe zilishakwisha, zimekuwa winda za watoto na vitambaa vya kushikia sufuria, zilizobaki ni za sanduku tu. Iko ya buluu ya futari yetu ya kwanza, iko ya msiba wa kwanza huku ugenini tulipoosha maiti wenyewe, na iko nyekundu ya mwaka ambao Bi Mwanakhamis, mwanzilishi wetu, alijifunza ku-drive akiwa tayari ana wajukuu, imeandikwa ALIYEVUKA BAHARI HATISHWI NA MTO. Hao akina mama wa Sugar Land, mji wa jirani, na majumba yao, wana historia kama hiyo?

Profesa wa Lubna alikuja kuziona, mama wa Kizungu, akaketi mkekani, akala mbaazi kwa mahamri, akaongeza, akasema vitu kama hivi havipatikani tena, nami machozi yakanitoka nikasema chukueni sanduku zima.

Sasa Nusra, mjukuu wa Bi Mwanakhamis, anaolewa, na mila ya chama chetu ni kwamba siku ya hina biarusi hufunguliwa sanduku achague leso avae, moja kiunoni, moja kichwani, na yeye anaitaka ile nyekundu ya nyanyake. Nikamwambia Lubna, akanijibu kwa Kizungu chake cha haraka kwamba hina haitoki, jasho linaozesha, na hata udi wangu niukomeshe, eti moshi unakula nguo! Bi Mwanakhamis aliposikia akanipigia simu: "Mama Lubna, leso ikifungiwa isivaliwe hiyo si leso, hiyo ni sanda. Mwambie huyo msomi wako sisi hatujafa." Nikamwambia, "Hewallah, dada, Nusra atavaa." Jioni Lubna akaniuliza, nikamwambia, "Ndiyo mwanangu, zitakwenda zote." Nimesema ndiyo huku na ndiyo kule, gari la maktaba linakuja na biarusi anakuja, na mimi sitaki kumvunja moyo mwanangu wala kumkosea Bi Mwanakhamis, ambaye ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege, Lubna akiwa bado ananishika buibui. Nifanyeje?

Mama Lubna, Sharpstown

Mama Lubna, hongera! Ningekuwa karibu ningekupigia vigelegele, kisha nikakufinya. Umemposesha mwari mmoja kwa waume wawili, halafu unashangaa wote wanakuja.

Lubna hakukosea. Mimi ni mwuguzi hapa Arlington, najua nguo yenye jasho inavyooza ikikunjwa. Udi fukiza nyumba, leso ziache. Bi Mwanakhamis naye hakukosea, leso bila wenyewe ni kitambaa tu. Aliyekosea ni wewe, kuitikia kwa niaba ya chama kizima kwa sababu mgeni amesifu mbaazi zako. Hilo sanduku limelala chini ya kitanda chako, mama, halikuzaliwa hapo.

Sasa sikiliza. Doti ni vipande viwili. Mimi ni mtu wa Kisii, na hata mimi najua hilo. Kipande kimoja cha kila leso kiende maktaba. Lakini kabla hakijaenda, wanachama wakae na Lubna awarekodi, kila mmoja aseme ilinunuliwa kwa jambo gani na nani alilia siku hiyo. Profesa atasoma maandishi ya ile nyekundu, ndiyo, ila nani atamwambia kwamba huo mto ni barabara kuu ya Houston na mama mwenye wajukuu ameshika usukani? Bi Mwanakhamis aanze yeye. Mpigie simu leo, wewe mwenyewe, usimtume mtoto.

Kipande cha pili kibaki sandukuni kivaliwe mpaka kichakae. Nusra afunge nyekundu ya nyanyake kiunoni, kichwani ajitande ile ya buluu ya futari. Nawasikia mkiguna: "Haifai! Biarusi avae leso zisizofanana?" Na nyinyi je, siku mliyokutana hapo Sharpstown, mlifanana?

Siku hiyo ya kurekodi waite wote, na wale wa Sugar Land pia, uwaringie vizuri. Mbaazi ziwe nyingi, mimi natoka Arlington alfajiri. Ni kwako, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, mkishasali adhuhuri.