Nilimficha Lusungu, Jua Likamfichua

Jumamosi, mwanzoni mwa Oktoba. Jioni, jua limeshazama lakini bati la chumba changu cha kupanga bado linapumua moto. Mvua hakuna, upepo hakuna.

Nimechoka. Miguu inauma, lakini siyo uchovu huo. Nimechoshwa na watu ninaowapenda, wote, kwa siku moja.

Lusungu amekuja. Wanaonisoma hapa siku nyingi wanamjua kama "yule wa Njombe". Tulijuana Dodoma tukiwa wanafunzi. Sasa yeye anafundisha sekondari kwao, mimi niko maabara ya kituo cha afya hapa Bariadi. Miaka mitatu tumependana kwa simu, na kwa kukutana Dodoma kila tulipopata nafasi. Hii ni mara yake ya kwanza kufika kwetu. Kakaa njiani siku mbili. Jana jioni nilipompokea stendi nilifurahi, sikatai.

Leo asubuhi nikamfuata gesti, nikamkuta amevaa koti.

Koti la suti, zito, la kijivu, na shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Ilikuwa saa tatu tu na mbwa walishajilaza chini ya magari. Nikamwambia avue. Akasema yuko sawa. Nikamwambia mwezi huu hapa siyo wa makoti, jua la saa sita litamkaanga.

"Kabula," akasema, "siwezi kujua leo nitakutana na nani."

Nilijua anamsema nani. Anamsema baba yangu.

Na nilishamwambia kwenye simu, tena siyo mara moja, kwamba safari hii kwa wazazi wangu hafiki. Mwanaume haingii kwenye mji wa watu kumtafuta binti yao peke yake, kama muuza sabuni. Anatuma mshenga, wazee wanakaa, maneno yanasemwa kwa mpangilio. Baba ni mzee wa kanisa na mkulima wa pamba, na kazi zote mbili zimemfundisha kwamba kila jambo lina msimu wake. Kwa hiyo nyumbani nilisema leo niko zamu. Uongo, ndiyo. Niliuona mdogo.

Mpango wangu ulikuwa kumzungusha mjini. Na hapa nisiposema ukweli nitausema wapi: nilikuwa na nia yangu. Nilitaka aipende Bariadi. Aipende mpaka aseme kwa mdomo wake kwamba ataomba uhamisho.

Tukaanza sokoni. Nikamwonyesha mchele wetu, dengu, choroko, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kama kokoto. "Pazuri," akasema. Tukapanda bajaji mpaka Nyakabindi kwenye viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nanenane. Mwezi wa nane pale hapapitiki kwa watu. Leo geti limefungwa. Tukachungulia, tukaona mabanda matupu na mbuzi watano wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta.

"Pazuri," akasema.

Nikamwonyesha barabara ya lami. Sijui nilikuwa nawaza nini. Mtu ametoka Njombe, amekanyaga lami siku mbili mfululizo, mimi namwonyesha lami.

"Pazuri."

Anayesema pabaya unaweza kubishana naye. Anayesema pazuri utamfanyaje? Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nyusi, linapita puani, linadondoka kwenye tai. Ndiyo, alikuwa na tai pia. Nikamuuliza kama anasikia joto. Akasema, kidogo.

Nikamnunulia maji, akamaliza chupa bila kushusha pumzi. Nikamwambia turudi gesti akapumzike kwenye feni. Akakataa. Nilikuwa nimetaja mnada wa mifugo, akasema basi twende mnadani, asije akaondoka bila kuuona.

Hapa ndipo nilipokosea, na naandika ili nisije nikajisahaulisha. Kila siku nawaona watu waliozidiwa wakiletwa kituoni. Nilimwona ameacha kutoka jasho. Nilimwona midomo imekauka na macho hayatulii. Nilijua. Lakini nilikuwa na hasira na lile koti, na lile neno lake moja, nikajiambia twende, si anasema yuko sawa.

Mnadani ilikuwa saa saba. Vumbi, fimbo, ng'ombe wanalia. Lusungu akamnyooshea kidole dume mmoja mwenye nundu kama mlima, akaniuliza anatoa lita ngapi za maziwa kwa siku. Nilidhani anatania. Nikageuka kumjibu, nikakuta hayupo.

Alikuwa chini.

Watu wakajaa. Wanaume wawili wakamburuta hadi kwenye kivuli cha lori. Mimi nikamvua lile koti, na tai, na shati, nikammwagia maji kichwani na kwapani, huku namwita jina. Akafumbua macho. Akataja jina lake, akataja na langu, akaanza kunywa maji kidogokidogo.

Nyuma yangu nikasikia sauti.

"Kabula. Si uko zamu wewe?"

Mjomba Masunga, kaka yake mama. Anauza mbuzi pale tangu sijazaliwa. Sijui nilifikirije kwamba ningepita kwenye mnada ule asinione.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mgonjwa."

"Mgonjwa wako?"

Nikaendelea kumpepea kwa koti. Mjomba akamtazama Lusungu aliyelala kifua wazi, akalitazama koti mkononi mwangu, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyejumlisha hesabu ikakubali. Nikamwambia nampeleka kituoni. Akasema kituo kiko mbali, na kwa baba ni hapo tu, na hata hivyo mgonjwa wa aina hiyo halazwi kituoni. Akaita guta lake la matairi matatu, la kubebea mbuzi.

Hivyo ndivyo mchumba wangu alivyoingia nyumbani kwetu mara ya kwanza. Chali ndani ya guta, kichwa chake kwenye mapaja yangu, na mbuzi wawili waliokosa mnunuzi wakimpumulia usoni.

Mama alitandika mkeka barazani, akaloweka kanga, akakoroga maji ya chumvi na sukari. Baba akatoka nyuma ya nyumba na jembe begani, akasimama, akamwangalia mgeni.

"Mwadila," akamsalimia.

Lusungu hajui Kisukuma, lakini alijua huyo ni nani. Akajaribu kuinuka atoe shikamoo. Baba akamsukuma bega arudi chini. "Shikamoo hata ukilala inafika," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa kwa ule uongo wa zamu. Hakuna aliyenigombeza. Hakuna aliyenikumbuka. Baada ya saa moja Lusungu alikuwa amekaa, amevaa shati la baba, anakula karanga na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, na anasimulia habari za miti ya mbao na viazi mviringo na baridi inayounguza majani asubuhi. Baba yangu, ambaye hajawahi kuniuliza maabara tunapima nini, alimuuliza juu ya viazi kama anaandika kitabu. Mjomba alishaanza kumwita nkwilima, mkwe, kama vile ng'ombe wa mahari wameshaingia zizini.

Mimi nilikuwa jikoni napuliza moto. Moshi wote machoni kwangu.

Ndipo nikasikia baba anauliza, "Na mtaishi wapi?"

"Njombe, baba," Lusungu akajibu. "Kabula ameshakubali."

Pembeni yangu mama akaacha kuchambua mchele. "Umekubali?"

"Sijaulizwa," nikasema.

Nikatoka vilevile, majivu mpaka kwenye viwiko, nikasimama mbele yao. Binti aliyelelewa vizuri angesubiri wageni waondoke. Sikusubiri. Nikasema sijakubali kuishi Njombe, na sijaulizwa na mtu yeyote. Sauti ilitoka juu kuliko nilivyotaka.

Mjomba akaanza kuwaangalia mbuzi wake.

"Nilidhani tulielewana," Lusungu akasema. "Ulisema unatamani baridi."

Nilisema kweli. Nilisema mara moja, kwenye simu, siku umeme ulipokatika na feni ikasimama. Mtu akishukuru kivuli, wewe unamhamishia msituni?

Baba akamwambia Lusungu, "Kijana, umesafiri siku mbili kuja kuposa mtu ambaye hujamuuliza."

Nilikaribia kutabasamu. Akanigeukia.

"Na wewe umemzungusha juani tangu asubuhi ili aombe uhamisho. Ulimwambia?"

Sikuwa nimemwambia mtu nia ile. Lakini baba ndiye aliyenilea. Nikaangalia chini.

"Wote wawili mnajua kupanga," akasema. "Sasa zungumzeni." Akainuka na mjomba, wakaenda kuwafunga mbuzi, kazi isiyohitaji watu wawili.

Tukabaki barazani. Lusungu akajifuta uso kwa ile kanga ya mama. Kisha akasema, "Watu wenu nimewapenda, Kabula. Mji wenu siuwezi. Tangu asubuhi nilikuwa naona giza, nikaogopa kukwambia."

Ningepaswa kuumia. Ajabu ni kwamba ndiyo mara ya kwanza leo nilitamani kumshika mkono. Nikamwomba radhi kwa yale ya mnadani. Nikamwambia niliona anazidiwa nikaendelea kutembea. Alinitazama sana, akasema amenisikia. Hakusema amesamehe, na sikumlazimisha.

Halafu akauliza, "Wewe unataka kuishi wapi?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Ndilo nililowatolea macho watu wazima kwa kutokuulizwa. Limekuja, limetua mbele yangu.

Sitaki kubebwa kama gunia la viazi kupelekwa Njombe. Hilo nalijua. Lakini Bariadi hii niliyoinadi mchana kutwa, naitaka, au nilitaka tu kushinda? Ajira ilinipanga huku, nikashukuru kuwa karibu na mama, basi. Mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza.

Nikamwambia nitamjibu.

Gesti hakurudi. Baba amesema mgeni aliyekula kwetu halali nyumba ya kulipia, kwa hiyo atalala kwa mjomba, na kesho wanaongozana naye kanisani, ambako kufikia sadaka ya kwanza mji mzima utakuwa unajua. Maoni yangu juu ya hilo pia hayakuhitajika. Nimeaga, nimerudi chumbani kwangu, nimefungua dirisha ambalo haliingizi chochote.

Basi lake ni Jumatatu alfajiri. Nikimsindikiza stendi nitamwambia ukweli nilio nao mpaka sasa: kwamba sijui, na naomba anisubiri nijue. Akiweza kusubiri, vema. Akishindwa, nitakuwa nimeshajua kwamba Njombe siyo kwangu.