Mdalasini Uliokuja Umeshasagwa

Chumba cha kusagia, nyuma ya duka
Jumatatu, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Pua,

Salamu nyingi. U hali gani? Wifi hajambo? Na watoto, wanakua? Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi la viungo hakijaniacha. Kinu nacho kizima. Tumebaki wawili.

Asante kwa kupiga simu siku ya mazishi ya Mama. Nimesikia kwamba kazini walikunyima ruhusa. Hilo sina la kusema.

Nakuandikia kuhusu mdalasini. Unakumbuka Mama alivyotufundisha: kijiti hakiingii kinuni kabla hakijavunjwa karibu na sikio. Ule mwembamba, uliojikunja tabaka kwa tabaka, husagika vidoleni kimyakimya. Ulimini ni mtamu wa taratibu, na harufu yake ina kitu cha ganda la limau. Ule mnene ni ganda moja tu, gumu, ukiuvunja unalia ko! Huwasha, halafu huacha uchungu kooni. Mama hakuudharau, alisema una wateja wake, na mwokaji wa pale kona hataki mwingine. Lakini haukuingia kwenye chai yake hata siku moja. Wewe ulikuwa ukiutambua umefumba macho, una miaka saba, ndipo ukaitwa Pua.

Miaka yote ulitutumia vijiti vya ule mwembamba. Safari hii ulituma unga, ukaandika kwamba umenipunguzia kazi. Nilifurahi, mjinga mimi. Unga hauvunjiki ukausikia. Nikamtilia Mama kwenye chai.

Alionja mara moja, akakisukuma kikombe. "Huu si wetu. Umeuza wa mwanangu, ukanitilia wa dukani?"

Nikamwambia ni huohuo ulioutuma. Akasema, "Pua hawezi kunifanyia hivyo. Usimsingizie mwenzio."

Aliishi siku sita baada ya hapo. Hakunywa tena chai kutoka mkononi mwangu. Akawa anataka aitwe jirani yetu mshonaji ndiye amtengenezee. Miaka kumi na moja nimemwogesha, nimemgeuza kitandani, na amekufa akiniona mwizi. Inaniuma, mdogo wangu.

Juzi nilikung'uta mfuko wako ili niufue. Kikaanguka kipande kilichonusurika kusagwa. Nimekitia ndani ya bahasha hii. Usihangaike kukinusa, pua yako naijua. Kivunje karibu na sikio, kama tulivyofundishwa.

Unga uliobaki nimempa mwokaji. Ameusifu sana.

Nisalimie wifi na watoto. Shangazi anakusalimu, na mshonaji pia. Yeye hachoki kukusifu kwamba hukumsahau mama yako. Mungu akulinde huko uliko, na siku utakapolala usiweze kuinuka akupe mtu wa kukuogesha, na umwamini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bado.