Kanga Kinywani mwa Adija

Kasulu Mjini,
Kigoma.
3 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Adija,

Kabla ya salamu naomba niliseme hili, maana nikianza na salamu nitaishia hapo hapo. Yule mtoto uliyeambiwa ni yatima wa ndugu yake mama kutoka Ujiji, yule aliyepewa jina lako, ni wangu. Nimemzaa mimi. Hilo humu ndani linajulikana, ila halisemwi. Kuna lingine ambalo hata mama halijui, na ndilo linanifanya niandike huku nimefunika karatasi kwa daftari la Jiografia.

Shikamoo Shangazi. Asalaam aleikum. Natumai huko Tanga hamjambo, na mguu wako umepata nafuu. Sisi huku wazima. Mvua zimeshika kweli, asubuhi tukiongea moshi unatoka mdomoni. Baba yuko na duka lake la vitenge na kanga, mama hajambo, nami niko kidato cha tatu, nilirudi shule mwaka jana. Kule nyuma uliambiwa niko bweni Kibondo. Sikuwa Kibondo, Shangazi. Nilikuwa stoo.

Stoo ni ile ya nyuma ya duka, ukuta mmoja tu na wateja. Miezi saba ya kwanza tulishinda humo, mimi na Adija na majora ya vitenge, mpaka baba alipopata hiyo hadithi ya Ujiji na mtoto akatolewa nje kama mgeni aliyefika jana. Baba hakunipiga, usimfikirie hivyo. Alisema mara moja tu, bila kunitazama: "Dukani isisikike sauti ya mtoto."

Basi hili ndilo sijamwambia mtu. Kila alipofungua mdomo kulia, nilikunja pindo la kanga nikamwekea mdomoni. Si kwa nguvu. Nilimbembeleza, nikamwimbia kwa midomo bila sauti, na kanga iko pale. Alipofika miezi minne akaanza kuifungulia mdomo mwenyewe. Alipofika sita, tumbo likimsokota aligeuza uso kuitafuta. Nami nikashukuru. Niliona nimepata mtoto mwelewa.

Sasa ana miaka miwili na miezi miwili. Anataja kuku, chai, gari. Mimi ananiita dada, bibi yake ndiye anayemwita mama. Wateja wanamsifu, mtoto mtulivu, hana usumbufu. Asiyemsifu ni Epifania peke yake, fundi cherehani wa barazani kwetu, mwenyeji wa Munanila. Yeye akijichoma sindano kidogo tu hupiga yowe mpaka wauza ndizi wa ng'ambo wanamzomea. Siku moja aliniita pembeni. "Zuhra, huyu mtoto wenu wa Ujiji ananitisha. Kaanguka hapa, goti linatoka damu, kanitazama kama mtu mzima anayeficha msiba."

Ndipo nikaanza kuangalia. Akiumia haji kwa mtu, anaondoka. Unamtafuta uani hayupo, barazani hayupo. Unaingia stoo, kanga zote zilizotundikwa zimetulia, ila moja inatikisika kwa chini. Ukiifunua yumo, amesimama, pindo mdomoni, machozi yanashuka, na hakuna sauti, hata ya pumzi. Kuna siku nilisimama mbele ya hiyo kanga nikashindwa kuifunua. Nilimwogopa, Shangazi. Mwanangu mwenyewe.

Alhamisi iliyopita, baada ya alasiri, siafu waliingia. Huku mvua ikinyesha sana huhama, na safari hii walipita uani kwetu kama kamba nyeusi. Mama anamwaga majivu, kuku wanapiga kelele, Epifania kapanda juu ya kiti anawataja watakatifu wote. Kila mtu alikuwa anapiga kelele isipokuwa mmoja. Nilipolifikiria hilo nilikimbilia stoo.

Nilimkuta kwenye kanga ya tatu. Siafu walikuwa wamempanda hadi mapajani, wengine kwenye nywele. Amesimama wima, macho wazi, ananitazama, anatafuna pindo. Nilimbeba, nikawang'oa mmoja mmoja, vichwa vingine vikabaki kwenye ngozi. Nilipomtoa kanga mdomoni alijaza ngumi yake.

Shuleni niliwahi kuandika insha ya Kiingereza, mgonjwa anamweleza daktari maumivu yake, mwalimu akaisomea darasa zima. Lakini sikumbuki ni lini nimewahi kusema kwa sauti, kwa lugha yoyote, kwamba naumia. Hata siku ya kumzaa niliuma kanga.

Kulikuwa na siafu mmoja kwenye kiganja changu. Nikamwacha ang'ate. Nikafungua mdomo nikasema, "Inauma! Adija, inauma!" Na nikalia kweli, wala si kwa ajili ya siafu.

Alinitazama mdomo. Akaingiza vidole vyake ndani, taratibu, kama anatafuta mahali sauti inapokaa. Kisha akafungua wa kwake. Kilichotoka kwanza hakikuwa kilio cha mtoto, ilikuwa sauti nzito, kavu, kama ya mtu aliyeamka baada ya kulala miaka. Halafu akasema, "Mama, inauma."

Hakuwa anamwita bibi yake. Alikuwa ananitazama mimi. Ng'ambo ya ukuta wateja waliojikinga mvua wakanyamaza wote, na nikasikia baba anaiweka chini mita yake ya mbao.

Tangu hapo analia. Chai ya moto, kiatu kinachobana, kuku aliyemkimbia, kama vile analilia na vya zamani. Nafurahi sana. Lakini kila anapoanza, mkono wangu unanyanyuka wenyewe kutafuta kanga. Naukalia.

Baba anasema mwisho wa mwezi huu mtoto apelekwe Kasanda, kwa shangazi yake mama, mashambani. Huko atalia akimwita nani? Atanyamaza tena, na safari hii hatarudi. Baba hasikii la mtu ila lako, wewe uliyemlea. Simu za humu si zangu. Nakuomba umpigie, umwambie mtoto abaki na mama yake.

Barua hii Epifania ataipeleka posta kesho. Nisalimie Mzee Abdulrahmani na kaka Saady. Mungu auponye mguu wako, akupe usingizi mwema.

Shangazi, nasikia viatu vya baba vinatoka dukani, vinakuja huku. Adija analia hapa miguuni kwa sababu nimemnyima kalamu, na analia kwa sauti. Nilikuwa nimeshashika daftari la Jiografia. Nimeliweka chini. Viatu vimesimama mlangoni. Karatasi iko wazi, asome.

Binti yako wa huku milimani, akupendaye,

Zuhra Hilali,
mama yake Adija