Beti Tatu za Yohana

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Mamboya tu wazima, na bibi yako anakusalimu. Umeniuliza utajuaje kwamba wimbo unaoutunga umekwisha.

Ujanani, mimi na rafiki yangu Yohana kila mmoja alitunga wimbo wa sikukuu ya mavuno. Kila nikisikia wake unasifiwa, naongeza ubeti kwenye wangu. Siku ilipofika nilikuwa na beti kumi na moja, na mwisho sijauona. Kwaya ikaimba wake, beti tatu tu, na mama yangu mzazi akalia. Wivu ulinichoma.

Nikamuuliza Yohana alijuaje pa kuishia.

"Nilipoona naongeza ili nikushinde wewe," akasema, "nikaacha hapo hapo."

Hata leo kwaya ikiuimba, nachezesha midomo tu. Sauti inakataa kutoka.

Ni mimi babu yako.